Kikombe kimoja ni gramu ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupima vyakula kwa ujazo na kwa uzito

Ukurasa huu ni wa wapishi wa nyumbani, mama lishe, wachoma mikate na wauza kashata wa Mtwara na Lindi. Wengi hununua kwa kilo dukani, kwa kisado sokoni, kisha hupika kwa kikombe. Hesabu zote hapa ni za kipimo cha mfuto, yaani kilichosawazishwa juu kwa mgongo wa kisu, isipokuwa pale tuliposema vingine.

Kikombe kimoja ni gramu ngapi?

Gramu za nini? Kikombe hupima nafasi tu, hakijui kilichomo. Kikombe cha mililita 250 kikijazwa maji kina gramu 250. Kikijazwa asali kina gramu 355 hivi, na kikijazwa nazi iliyokunwa bila kushindiliwa hakifiki hata gramu 100. Kwa hiyo hakuna namba moja ya kikombe. Kila chakula kina yake.

Kikombe kipi hasa? Vya nyumbani havilingani.

Kikombe cha vipimo kinachouzwa madukani kwetu, kile cha plastiki au cha bati chenye mistari, mara nyingi ni cha mililita 250. Mapishi ya Kimarekani hutumia kikombe cha mililita 237, ambacho kwenye lebo za vyakula huhesabiwa 240. Cha Japani ni 200. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vina kikombe cha mililita 284. Kikombe cha chai cha kabatini kinaweza kuwa 180 au 300, na bilauri ndiyo kabisa, usiiamini mpaka uipime.

Kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko cha chakula ni 15. Australia tu ndiko cha chakula kinahesabiwa 20. Kijiko cha kulia wali si kipimo: vingine vinachukua mililita 10, vingine 18.

Kujua ujazo wa kikombe chako, kiweke kwenye mizani, bonyeza sifuri, kijaze maji mpaka ukingoni, soma. Gramu unazoziona ndizo mililita.

Nipeni orodha basi.

Hii ni kwa gramu, kwa kikombe cha mililita 250, mfuto. Chukulia kuwa kila namba inaweza kupanda au kushuka kidogo kufuatana na usagaji, unyevu na mkono wa mpimaji.

Unga wa ngano, uliotiwa kwa kijiko: 130
Unga wa ngano, uliochotwa kwa kikombe chenyewe: 150 hadi 160
Unga wa ngano, uliochekechwa ndani ya kikombe: 115
Unga wa sembe: 130 hadi 150
Unga wa dona uliosagwa kwa ukali: 150 hadi 165
Unga wa muhogo: 130 hadi 145
Sukari ya kawaida: 210
Mchele mkavu: 200 hadi 210
Maharage makavu: 195
Choroko: 215
Mbaazi kavu: 215
Kunde kavu: 175 hadi 185
Karanga zilizomenywa: 155
Korosho nzima zilizobanguliwa: 145
Ufuta: 150
Nazi iliyokunwa, haijashindiliwa: 85
Tui zito: 240 hadi 250
Maziwa: 258
Mafuta ya kula: 230
Siagi au majarini: 240
Asali: 355

Kama kikombe chako ni cha mililita 200, zidisha namba kwa 0.8. Kama ni cha 300, zidisha kwa 1.2. Kwa kikombe cha Kimarekani, zidisha kwa 0.95.

Kwa nini kikombe changu cha unga hakitoi gramu 130?

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na sababu ni moja: unga una hewa. Ukichovya kikombe kwenye kiroba na kukikandamiza ukutani mwa kiroba, unaifukuza hewa na kuingiza unga mwingine. Ukigonga kikombe mezani ili "kikae sawa", unga unashuka, unaongeza, unagonga tena. Umeshavuka gramu 160. Aliyechekecha kwanza ana 115. Wote wawili wataapa kwamba wametia kikombe kimoja.

Kilima cha juu ndicho kibaya zaidi. Unga hukaa na mteremko mkali, hivyo kikombe chenye mdomo wa sentimita 8 kinaweza kubeba juu ya ukingo mililita 60 na zaidi, yaani robo nzima ya kikombe. Mchele na sukari huteleza, kilima chao ni kifupi. Ndiyo maana anayepima kwa kujaza mlima hukosea unga sana na sukari kidogo, na uwiano wa mapishi unaharibika.

Namna inayotoa namba za kwenye orodha ni hii: vuruga unga ndani ya chombo chake kwa kijiko, chota kwa kijiko umimine kikombeni mpaka upite ukingo, usitikise wala kugonga, kisha pitisha mgongo wa kisu juu mara moja.

Unyevu nao upo. Pwani yetu ina hewa yenye maji, hasa kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili, na unga ulioachwa wazi huvuta unyevu ukaongezeka uzito na kushikamana. Tofauti yake ni ndogo ukilinganisha na ya kushindilia, lakini unga huo utahitaji maji pungufu wakati wa kukanda.

Sina mizani. Nifanyeje?

Tumia pakiti iliyofungwa kiwandani. Nunua kilo moja ya sukari au unga, mimina kwenye beseni safi, kisha pima kwa kikombe chako, mfuto kila mara, ukihesabu vikombe. Gawa 1,000 kwa idadi hiyo. Sukari ikitoa vikombe 5, kikombe chako ni gramu 200. Ikitoa 4 na nusu, ni gramu 222. Fanya hivyo kwa kila chakula unachokitumia mara kwa mara, uandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati. Orodha hiyo ya kwako ina thamani kuliko hii ya kwetu, kwa sababu imepimwa kwa kikombe chako na mkono wako.

Njia nyingine ni kumwomba mwenye duka. Nenda na kikombe chako, apime robo kilo ya mchele, uone inafika wapi, weka alama kwa kalamu isiyofutika. Alama hiyo ni ya mchele peke yake. Usiitumie kwa unga.

Unga wa muhogo unatofautiana sana. Nitumie namba ipi?

Unatofautiana kweli. Makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, yaliyotwangwa kinuni na kuchekechwa kwa chekecheo la nyuzi nyembamba hutoa unga mwepesi, laini, unaojaa hewa: chukua 130. Uliosagwa mashineni una chembe kubwa kidogo na hukaa kwa kushikana: chukua 140 hadi 145. Makopa ambayo hayakukauka vizuri hutoa unga mzito wenye vidonge, na huo hata usiupime. Uanike kwanza, la sivyo utaota ukungu.

Ukibadilisha ngano kwa muhogo kwenye keki au maandazi, badilisha kwa gramu, si kwa vikombe. Hata hivyo uzito ukilingana bado unga wa muhogo hauna ile nata ya ngano inayoshika donge, kwa hiyo anza na robo ya uzito wote: kwenye gramu 500 za unga, 125 ziwe za muhogo na 375 za ngano.

Nazi moja ni vikombe vingapi?

Nazi ya wastani iliyokomaa hutoa gramu 300 hivi za nyama, yaani vikombe 3 hadi 3 na nusu vya nazi mbichi iliyokunwa isiyoshindiliwa. Ukiishindilia, kikombe kimoja kinaingia gramu 130 au zaidi, na nazi ile ile inakuwa vikombe 2 na kidogo. Mapishi yakisema "vikombe 2 vya nazi" bila kueleza, chukulia haijashindiliwa, gramu 170.

Tui halisumbui. Uzito wake uko karibu sana na wa maji, hivyo mililita 250 ziandike gramu 250. Kinachobadilika ni uzito wa tui lenyewe mdomoni: la kwanza na la tatu yana uzito mmoja mizanini lakini si ladha moja, na mizani haitakwambia lipi ni lipi.

Kashata yangu ya korosho inakuwa sukari tupu. Nimepima kikombe kwa kikombe.

Tatizo ni hicho kikombe kwa kikombe. Kikombe cha korosho nzima ni gramu 145 na cha sukari ni 210, kwa hiyo umetia sukari karibu mara moja na nusu ya korosho. Korosho nzima zimejipinda, zinaacha matundu katikati, sukari haiachi. Kwa uzito sawa, gramu 300 za korosho ni vikombe 2 na kijiko kama kimoja cha chakula, na gramu 300 za sukari ni kikombe kimoja na karibu nusu.

Korosho zilizovunjika zinapangana vizuri zaidi kuliko nzima, kikombe chake kinaweza kufika gramu 155. Waliozoea kununua vipande kwa sababu ya bei wazingatie hilo. Kwa ufuta, hesabu ni nyepesi: gramu 150 kwa kikombe, ukiwa umepepetwa. Ufuta wenye mchanga ni mzito, na mchanga huo unaununua kwa bei ya ufuta.

Ukianza na korosho ghafi zenye maganda, tarajia karibu robo ya uzito baada ya kubangua, au pungufu kama zao halikuwa zuri. Kilo moja ya ghafi ni gramu 250 hivi za kula.

Chumvi, hamira na viungo vipimwe kwa gramu au kwa kijiko?

Kwa kijiko, kama unapika cha nyumbani. Mizani nyingi za jikoni husoma gramu moja moja, na chini ya gramu 5 haziaminiki. Kijiko cha chai cha mfuto ni:

chumvi laini ya pakiti, gramu 6, hamira ya chembe, 3, beking pauda, 4 hadi 5, iliki ya kusaga, 2, mdalasini, 2.5, manjano, 3, pilipili manga ya kusaga, 2.3.

Chumvi inahitaji uangalifu. Chumvi ya mawe inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya ukanda wetu ina punje kubwa, kijiko chake ni gramu 5 au pungufu, na ikiwa na unyevu hushikamana vikawa vibonge vyenye matundu. Anayehama kutoka chumvi ya mawe kwenda chumvi laini bila kubadilisha kijiko anatia chumvi zaidi ya alivyozoea. Kwa kukausha samaki au kutengeneza achari, pima chumvi kwa gramu bila ubishi. Huko chumvi ndiyo inayozuia kuoza, haipo kwa ladha peke yake.

Pakiti ndogo ya hamira mara nyingi imeandikwa gramu 11. Hiyo ni vijiko vya chai 3 na nusu hivi, na inatosha kilo moja ya unga.

Lita moja ya mafuta si kilo moja?

Hapana. Lita moja ya mafuta ya kula ina gramu 920 hivi, na kilo moja ya mafuta ni lita 1.09. Mafuta ya nazi ni hivyo hivyo. Yakiganda asubuhi ya baridi (huganda yakishuka chini ya nyuzi 24) uzito haubadiliki, ila kuyachota kwa kikombe ni taabu. Pima kwa mizani.

Asali ni kinyume chake. Chupa ya maji ya nusu lita ikijazwa asali ina gramu 700 na kidogo. Akikuuzia mtu chupa hiyo na kusema ni nusu kilo, amejipunja mwenyewe, au asali ina maji. Iweke mizanini.

Kisado cha sokoni ni kilo ngapi?

Kisado, lile kopo la rangi la lita 4, kikiwa mfuto ni takribani: mchele kilo 3.2 hadi 3.4, choroko 3.4, maharage 3.1, mahindi makavu 2.9, karanga zilizomenywa 2.5, ufuta 2.4, unga wa muhogo 2.2. Kilima cha juu kinaongeza karibu theluthi moja ya lita.

Ndoo ya lita 20 ya mahindi makavu, mfuto, ni kilo 14.5 hadi 15. Kilima chake kinaongeza kama kilo moja. Debe la zamani la bati ni lita 18, kwa hiyo anayesema debe na anayesema ndoo wanapishana kilo moja na nusu kabla hata hawajaanza kujaza.

Angalia kitako cha kopo. Kilichobonyezwa kwa ndani kinakula robo lita bila kuonekana kwa mbele. Geuza kopo uone, hakuna muuzaji mwaminifu atakayekasirika. Na mdomo mpana una faida kwa mnunuzi pale tu anapojaziwa mlima. Ukipimiwa mfuto, upana hauna maana.

Pishi na kibaba ni kilo ngapi? Tunahitaji kwa zakatul-fitri.

Kibaba ni robo ya pishi. Vyote viwili ni vipimo vya ujazo, na ndiyo sababu ya kutofautiana kwa kilo zinazotajwa: pishi ya mchele, ya mtama na ya unga hazina uzito mmoja. Kwa nafaka watu wengi huhesabu pishi kuwa kilo 2.5, wengine hufika 3 kwa kujihadhari. Kwa ibada fuata tangazo la masheikh wa eneo lako. Kwa jikoni, kilo 2.5 ya mchele inatosha, na kibaba kitakuwa gramu 625, au vikombe 3 vya mililita 250 na kidogo.

Kangomba nayo si kipimo cha ujazo tu?

Ndiyo, na ni mfano wa kwa nini ujazo unamuumiza muuzaji. Anayenunua korosho ghafi kwa kangomba hupima kwa bakuli au kopo alilolichagua yeye, analijaza mlima, na mkulima hajui ametoa gramu ngapi. Serikali imeikataza. Kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima korosho hupimwa kwa mizani kabla ya kwenda ghalani na mnadani. Mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Itafute kabla hujaweka gunia.

Nina mapishi ya vikombe, nataka kupika kwa ajili ya shughuli. Nianzie wapi?

Badilisha kwanza, zidisha baadaye. Ukizidisha vikombe, unazidisha na makosa yake: tofauti ya gramu 30 kwa kikombe kimoja inakuwa kilo 1.2 kwa vikombe 40.

Chukua maandazi haya: unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, hamira kijiko cha chakula 1, iliki kijiko cha chai 1, chumvi nusu kijiko cha chai, tui kikombe 1. Kwa gramu yanakuwa: unga 520, sukari 105, hamira 9, iliki 2, chumvi 3, tui 250.

Sasa gawa kila kitu kwa uzito wa unga ili upate sehemu kwa kila gramu 100 za unga: sukari 20, hamira 1.7, iliki 0.4, chumvi 0.6, tui 48. Kwa kilo 10 za unga zidisha kila namba kwa 100: sukari kilo 2, hamira gramu 170, iliki gramu 40, chumvi gramu 60, tui lita 4.8. Hamira ndiyo pekee tunayoshauri uipunguze, mpaka gramu 110 au 120, kwa sababu donge kubwa hutunza joto lake na huumuka haraka; likizidi huwa chachu kabla hujamaliza kukata. Tui nalo usilimimine lote kwa mara moja. Bakiza nusu lita, uone donge linataka nini.

Aliyechota unga kwa kushindilia angekuwa na gramu 640 badala ya 520 katika mapishi yale yale. Tui halijaongezeka. Donge linakuwa kavu, maandazi yanapasuka pembeni na kesho yake ni mawe.

Mchele wa vitumbua unapimwa kabla au baada ya kulowekwa?

Kabla. Mchele uliolala kwenye maji usiku kucha unaongezeka uzito kwa robo au zaidi, na hauongezeki sawasawa kwa kila aina. Hali kadhalika kunde na choroko, ambazo karibu zinakuwa mara mbili. Mapishi yasiposema, chukulia ni kavu.

Na wali wa nazi, nibadilishe pia?

Usijisumbue. Mchele na maji yake vikipimwa kwa kikombe kile kile, ukubwa wa kikombe hauna maana, uwiano ndio unaofanya kazi.

Mapishi ya mtandaoni yana aunsi na ratili.

Aunsi moja ya uzito ni gramu 28.35, ratili ni 454. Tahadhari: Wamarekani wana pia aunsi ya ujazo, mililita 29.6, kwa ajili ya vimiminika. Ukiona aunsi 8 za maziwa ni ujazo, mililita 237. Aunsi 8 za jibini ni uzito, gramu 227. "Kijiti" kimoja cha siagi kwenye mapishi yao ni gramu 113.

Ninunue mizani gani, na nitajuaje kama inasema kweli?

Ya kidijitali, ya kilo 5, inayosoma gramu moja moja, yenye kitufe cha kurudisha sifuri. Ya saa yenye mshale inafaa kwa kilo, si kwa gramu 20.

Kuijaribu, weka jagi, rudisha sifuri, mimina maji lita moja kwa chombo chenye alama unachokiamini. Isome karibu 1,000. Ikipotoka kwa zaidi ya gramu 10, badilisha betri kwanza. Betri iliyochoka ndiyo mkosaji wa kawaida. Iweke kwenye meza ngumu iliyo sawa, si juu ya mkeka wala kitambaa. Zima feni, na ukipikia uani jikinge na upepo wa bahari, maana namba zitarukaruka.

Jambo moja watu hawalijui: baadhi ya mizani hizi, ukinyunyiza unga kidogo kidogo mno, haziongezi namba. Zinadhani ni mtikisiko na kujirudisha zilipokuwa. Ukifika gramu za mwisho, tia kwa kijiko kizima, au inua bakuli na kulirudisha, usome upya.